Milango ya moyo ya wazee wetu: operasyo gani, kwa nani, na kwa pesa gani?

Maneno haya yalisemwa na mwanachama wetu mmoja, infirmye mstaafu, katika mkutano mkuu wa chama hapa Baraka. Wengi waliomba yaandikwe. Tumeacha namna yake ya kusema, tumepunguza tu pale aliporudia.



Komite imeniomba nizungumze juu ya ugonjwa wa moyo kwa wazee, na zaidi juu ya operasyo ya valvu. Juu ya nini? Juu mwaka huu sanduku letu lilipokea maombi mawili ya namna hiyo, na kwa yote mawili tuligawanyika. Wengine walisema: "Mzee ni mzee. Tumalize pesa yote kwa mtu wa miaka 80?" Wengine wakajibu: "Huyu ndiye alitulea kule Lugufu. Leo tumwache afe?" Watu walitoka kwenye kikao bila kusalimiana. Mimi sikuja kusema nani alikuwa na haki. Nitaeleza vile ugonjwa huu uko, vile operasyo zenyewe ziko, halafu ninyi wenyewe mutapima.

Lakini kwanza nina deni, na ni vizuri nililipe mbele yenu.

Mutu wa kwanza aliyeomba, munajua wote, ni yaya yangu. Ana miaka 71. Kwa miaka miwili alikuwa ananiambia: "Mdogo wangu, nikipanda kutoka ziwani na ndoo ya maji, pumzi inaisha." Mimi nikamwambia ni umri. Nikampima tansyo, nikampa vidonge. Siku moja akaanguka akifua nguo, akazimia, akaamka. Nikasema ni malaria, nikamwekea seromu. Jirani wakasema amelishwa sumu, na mama mmoja maskini, mjane, akaanza kutazamwa vibaya juu ya chakula alichomletea. Tuliuza mbuzi wawili kwa mganga wa kutapisha sumu. Miaka miwili, wandugu! Na mimi ni infirmye, nimefanya kazi miaka zaidi ya thelathini, kambini na hapa. Ile mipira ya kusikilizia moyo ilikuwa inaning'inia shingoni mwangu. Sikuiweka kwenye kifua cha yaya yangu hata mara moja.

Aliyeiweka ni daktari mmoja kijana aliyepita hapa. Alisikiliza kwa dakika moja tu, akaniita: "Baba, kuja usikilize." Nikasikia sauti kama upepo unapita kwenye mlango uliobana. Pale nilijua. Yule mama mjane nilienda kumwomba msamaha, na leo ninamwomba tena mbele yenu, juu yuko hapa.

Milango minne

Moyo ni pampu. Ndani yake kuko milango minne, ndiyo inaitwa valvu. Kazi yake ni kuacha damu ipite mbele na kuizuia isirudi nyuma. Kwa siku moja moyo unapiga karibu mara 100.000, na kila mara milango hiyo inafunguka na kufungika. Hakuna mlango wa nyumba unaoweza kufanya kazi hiyo miaka 70.

Mlango unaweza kuharibika kwa namna mbili. Unaweza kubana, haufunguki vizuri. Ama unaweza kulegea, haufungi, damu inarudi. Mingine inafanya yote mawili.

Kwa wazee, ule unaobana sana ni mlango wa kutokea, pale damu inapotoka moyoni kuingia katika mshipa mkubwa wa mwili. Mlango huo unaitwa valvu ya aorta. Miaka inapopita, chokaa kinashika juu yake, kama vile kinavyoshika ndani ya sufuria ya kuchemshia maji. Mlango mzima una nafasi ya sentimeta mraba 3 mpaka 4. Ukishuka chini ya 1, waganga wanasema umebana vibaya. Wa yaya yangu ulikuwa 0,7: shimo kama kidole kidogo cha mtoto, na damu yote ya mwili inapita hapo.

Kuko na njia nyingine, na hii sisi watu wa kambi tuijue sana. Mtoto anaumwa koo, koo la wadudu wanaoitwa streptokoki. Hatibiwi vizuri. Wiki chache nyuma yake anapata homa na viungo kuvimba, leo goti, kesho kiwiko. Homa inaisha, mama anashukuru. Lakini ugonjwa umegusa milango ya moyo, na miaka kumi au ishirini nyuma yake mutu huyo anaanza kukosa pumzi. Inaitwa ugonjwa wa moyo wa rimatizimu. Unapenda nyumba za watu wengi waliobanana, na ninyi munakumbuka vile tulilala katika hema za kwanza, watu wanane chini ya turubai moja. Kwa hiyo mzee wa miaka 65 hapa kwetu anaweza kuwa na chokaa cha uzee, ama alama ya koo la utoto, ama yote mawili. Na operasyo inayofaa si moja.

Dalili ni tatu, muzishike: kukosa pumzi ukitembea ama ukilala chali, maumivu ya kifua ukifanya kazi, na kuzimia. Ukiona moja ya hizo kwa mzee, usiseme ni umri. Juu mlango wa aorta ukishabana vibaya na dalili zimeanza, wengi hawafiki miaka mitano bila kubadilisha mlango. Waliofika kwenye kushindwa kwa moyo, miguu imevimba na pumzi hakuna, kwa wengi ni karibu miaka miwili.

Njia ziko ngapi?

Ya kwanza ni dawa peke yake. Vidonge vya kukojoza maji, vidonge vya tansyo. Vinasaidia pumzi, mzee analala vizuri. Lakini musidanganyike: hakuna kidonge kinachofungua mlango uliojaa chokaa, wala mzizi, wala maji ya maombi. Mimi ni mutu wa kanisa, ninaomba kila siku, na bado ninasema hivyo.

Ya pili ni operasyo ya kufungua kifua. Wanalaza mutu usingizi, wanapasua mfupa wa kifua katikati kwa msumeno, wanasimamisha moyo, na mashine inashika kazi ya moyo na mapafu wakati daktari anakata mlango mbovu na kushona mpya. Ni operasyo ya zamani sasa. Kubadilisha milango ya moyo kulianza kushika mwaka 1960 huko Marekani. Mfupa wa kifua unaunga kwa miezi miwili mpaka mitatu, na muda huo hakuna kubeba ndoo, hakuna kulima, hakuna kutwanga sombe.

Hapo kuko na kuchagua: mlango wa chuma ama mlango wa nyama ya mnyama?

Mlango wa chuma unadumu. Unaweza kukaa mpaka mwisho wa maisha. Lakini damu inapenda kuganda juu yake, kwa hiyo mgonjwa anameza dawa ya kuzuia damu kuganda, warfarini, kila siku, maisha yote. Na dawa hiyo lazima ipimwe. Kuko na kipimo cha damu kinaitwa INR. Kwa mlango wa aorta kawaida wanataka kiwe kati ya 2 na 3, kwa ule wa kushoto unaoitwa mitrali kinapanda kidogo. Kikiwa chini, damu inaganda, mutu anapooza upande. Kikiwa juu, anavuja damu tumboni ama kichwani. Mwanzoni wanapima kila siku chache, halafu kila wiki, halafu kila mwezi. Sasa niambieni: mzee wa Lulimba ama wa Sebele atapimiwa wapi kila mwezi wakati wa mvua, barabara imekatika?

Na mujue vitu vinavyogongana na warfarini. Majani ya kijani, sombe, lengalenga, yana vitamini inayopunguza nguvu ya dawa. Haina maana mutu aache sombe. Kumkataza mutu wa hapa sombe ni kumkataza kula. Maana yake ale kiasi kilekile kila wiki, asile sufuria nzima leo na kukaa mwezi bila kuonja. Vidonge vya maumivu vya sokoni, aspirini na ibuprofeni, vinaweza kumvujisha damu. Dawa za mizizi vilevile. Na zile dawa mpya za kuzuia kuganda, ambazo hazihitaji kupimwa, hazifai kwa mlango wa chuma. Zilijaribiwa, watu wakapata madhara, jaribio likasimamishwa.

Mlango wa nyama unatengenezwa kwa ngozi ya moyo wa ng'ombe ama kwa mlango wa nguruwe. Ndugu zetu Waislamu waliniuliza juu ya nguruwe: wa ng'ombe uko, mumuulize daktari mbele ya operasyo. Mlango huo kawaida hautaki warfarini ya maisha yote, mara nyingi ni miezi mitatu tu ya mwanzo ama hata kidonge chepesi zaidi. Ubaya wake, unachakaa. Unakaa karibu miaka 10 mpaka 15. Kwa kijana hii ni shida, juu atapasuliwa tena. Kwa mzee ni kitu kingine: unachakaa polepole zaidi kwake, na yeye mwenyewe pengine hataumaliza. Ndiyo maana Ulaya wanashauri mlango wa nyama kwa aorta kuanzia miaka 65 hivi, na kwa mitrali kuanzia 70. Kwa hapa kwetu, pasipo na labo ya INR, mimi ningesema hata mbele ya umri huo tufikiri mara mbili.

Ya tatu ni TAVI. Jina hilo mutalisikia kwa watoto wetu walio Ulaya na Marekani. Hawafungui kifua. Wanapitisha mrija mwembamba katika mshipa wa kwenye nyonga, wanaupandisha mpaka moyoni, na mlango mpya wa nyama uliokunjwa kama mwavuli unafunguliwa ndani ya ule wa zamani na kuusukuma pembeni. Mutu wa kwanza aliwekewa hivyo Rouen, Ufaransa, tarehe 16 Aprili 2002, na profesa Alain Cribier. Mgonjwa wengi anatembea kesho yake. Kwa mzee dhaifu ni neema kubwa. Mwongozo wa waganga wa Ulaya wa mwaka 2021 ulisema: kuanzia miaka 75, TAVI itangulie kama mishipa inaruhusu. Wa Marekani, mwaka 2020, ulisema zaidi ya miaka 80 TAVI, chini ya 65 kupasua kifua, na katikati mgonjwa na daktari wachague pamoja.

Bon, mbona tusitake wote TAVI? Sababu ziko. Wengine wanapata kiharusi, wengine mshipa wa nyonga unaumia, wengine umeme wa moyo unakatika na wanawekewa betri ya kuendesha moyo. Tena, ilitengenezwa kwa mlango wa chokaa. Ule ulioharibiwa na rimatizimu, na zaidi mitrali, kwa kawaida haufai. Na kitu kinachotufunga sisi: bei. Mlango wenyewe peke yake, bila hospitali, bila daktari, Ulaya na Marekani unafika makumi ya maelfu ya dola. Kotizasyo zetu za miaka yote tangu tulipoanza chama hazifiki hapo.

Ya nne ni puto. Wanapitisha mrija wenye puto ndogo, wanalipuliza ndani ya mlango ili liufungue. Hapa tafadhali mutofautishe. Kwa mitrali iliyobana kwa rimatizimu, kama mlango bado ni laini, puto ni kazi nzuri sana, inaweza kumpa mutu miaka mingi, na bei ni ndogo kuliko kupasua. Kwa aorta yenye chokaa ya mzee, puto linapumzisha miezi kidogo tu, halafu unabana tena. Kama mutu anakuuzia puto la aorta kama dawa ya kumaliza, muulize vizuri.

Ya tano, na hii watu hawapendi niiseme, ni kutofanya operasyo. Nitarudi hapo.

Yaya yangu

Tulimpeleka Bujumbura kwa ekografi ya moyo. Ekografi ni ile mashine ya kutazama mtoto tumboni, lakini wanaipitisha kifuani, haiumi, haikati. Hapo ndipo tulipata ile 0,7. Halafu watoto wake wawili, wale waliochukuliwa Nyarugusu kwenda Marekani, walikusanya pesa. Sanduku letu likalipa safari. Tukavuka ziwa kwa boti mpaka Kigoma, mahali palepale tulipopanda meli ya HCR kurudi. Yaya akatazama bandari, akaniambia: "Nilidhani sitaiona tena, na sasa ninarudi hapa na moyo mbovu." Tukachukua gari moshi mpaka Dar es Salaam.

Kule waganga hawakukimbilia kisu. Walimtazama wiki nzima: figo, mapafu, sukari, mishipa inayolisha moyo. Waling'oa meno mawili mabovu, juu wadudu wa meno wakiingia katika damu wanakwenda kukaa juu ya mlango mpya na kuuoza. Wakamwomba atembee, ainuke kitini bila kushika, wakamuuliza nani anamlea nyumbani. Daktari akatuambia: "Umri peke yake haukatazi. Ninatazama mutu, si karatasi ya kuzaliwa." Kwa sababu alikuwa na nguvu, na TAVI ilikuwa mbali na mfuko wetu, walimpasua na kumwekea mlango wa ng'ombe.

Sitawapamba mambo. Siku tatu alichanganyikiwa, alidhani bado tuko Lugufu, aliniuliza kama rasyo imegawanywa. Mguu ulivimba. Alilia kwa maumivu ya kifua. Lakini leo ni mwezi wa kumi na moja, amekaa pale karibu na dirisha, mwenye kitenge cha bluu. Jana alipanda kutoka ziwani. Bila ndoo, nilimkataza ndoo. Lakini alipanda.

Mzee wetu

Mutu wa pili hayupo tena, kwa hiyo ninasema kwa heshima, na familia yake imenipa ruhusa. Alikuwa na miaka 83. Ugonjwa uleule. Lakini kwake kuko na figo zilizochoka, mapafu yaliyokula moshi wa samaki miaka mingi, na alikuwa amekonda. Hakuwa na mtoto Marekani. Sanduku lilianza kukusanya, kelele zikaanza, na mimi nikatumwa kuzungumza naye.

Aliniuliza maswali matatu. "Nitafika salama kule?" Nikamwambia safari peke yake ni hatari. "Nikipasuliwa, nitaamka?" Nikamwambia waganga wa Bujumbura wanadhani kifua chake hakitavumilia, na kwamba TAVI ingekuwa njia ila hatuna. Nikamwambia pia ukweli mwingine: mwaka 2010 walitoa matokeo ya wazee waliokuwa dhaifu sana kwa kupasuliwa. Waliobaki na matibabu ya kawaida, karibu 51 kati ya 100 walikufa ndani ya mwaka mmoja. Waliowekewa TAVI, karibu 31. Ni tofauti kubwa, lakini hata kwa mlango mpya watu 31 hawakuona mwaka. Akafikiri. Swali la tatu: "Na nikifa kule, mutanizika upande gani wa ziwa?"

Sikuweza kujibu. Munajua kwa nini. Munakumbuka ni wangapi tuliwaacha chini ya udongo wa Lugufu. Mzee akasema: "Nilirudi ili nilale hapa. Niache hapa."

Wengine walisema chama kimemtupa. Hapana. Tulifanya kazi. Kila asubuhi mutu alikwenda kumpima uzito, juu kilo mbili zikiongezeka kwa siku mbili tatu ni maji, si mafuta, na tunaongeza kidonge cha kukojoza vile daktari alisema. Chumvi ilipunguzwa, dagaa zilioshwa mara mbili. Tulimtafutia mito minne alale ameketi. Vijana walichota maji yake. Mwishoni daktari alimpa morfini kidogo ya kutuliza pumzi, na ninyi infirmye wenzangu musiogope dawa hiyo, kwa kiasi chake inasaidia. Aliishi miezi saba. Alikufa nyumbani kwake, wajukuu wako pale, akazikwa karibu na baba yake. Hiyo pia ni matibabu. Kumuacha mutu peke yake ndiyo kumtupa.

Kwa hiyo wandugu, wale wawili walikuwa na ugonjwa mmoja na walipata majibu mawili, na mimi ninaona majibu yote mawili yalikuwa na sababu. Kinachoniuma si hapo. Kinachoniuma ni kwamba mzee hakuchagua kati ya vitu vyote. TAVI haikuwa juu ya meza. Na yaya yangu alipasuliwa juu ana watoto Marekani. Ninamshukuru Mungu kwa ajili yake, lakini siwezi kusimama hapa nikasema chama ni cha wote, halafu moyo wa mutu uhesabiwe kwa namba za simu za ng'ambo alizo nazo.

Ninaloomba

Ya kwanza: sanduku lilipe ekografi na safari yake kwa kila mwanachama mwenye dalili na sauti mbaya kifuani, bila kikao, bila kura, bila kuuliza ana mtoto wapi. Bila ekografi tunatibu kwa kubahatisha, vile nilivyomfanya yaya yangu. Na sisi infirmye tuweke ile mipira kifuani kwa kila mzee, kila mwaka. Haina bei.

Ya pili: kwa operasyo, tuweke kiasi kimoja kilekile kwa kila mutu, kiandikwe katika sheria ya ndani. Daktari aseme kama inafaa, mgonjwa aseme kama anataka, familia ikamilishe. Tusirudie tena kupiga kura juu ya maisha ya mutu naye ameketi anasikia.

Ya tatu: tujue milango iliyo karibu. Dar es Salaam kuko Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Kigali kuko Hospitali ya King Faisal. Kampala kuko Taasisi ya Moyo ya Uganda, Mulago. Kenya kuko Tenwek, huko Bomet. Watu wengi hapa wanafikiri lazima India. Kabla ya kuuza shamba, tutume karatasi za ekografi kwanza, tuulize bei iliyoandikwa na kama wanapokea kesi hiyo. Tena tuulize gharama za nyuma: dawa, kurudi kuonwa, INR. Operasyo ni mlango wa kuingilia tu, nyumba ni miaka inayofuata.

Ya nne, na hii ninaielekeza kwa wafadhili wetu. Munapenda kusaidia mutu mmoja mwenye picha na jina, na ninaelewa. Lakini kwa bei ya TAVI moja tunaweza kufanya kazi kubwa kwa watoto. Mtoto aliyepata homa ya rimatizimu anahitaji sindano ya penisilini ya benzathini kila wiki tatu ama nne, kwa miaka mingi, ili milango yake isiharibike zaidi. Ni dawa ya zamani, si ghali, na mara nyingi inakosekana. Mutusaidie isikosekane. Na mashine ndogo ya kupima INR ikae hapa Baraka, ili wale waliokwisha kuwekewa chuma wasipooze kwa kukosa tone moja la damu. Sisemi musisaidie mzee. Ninasema: mukisaidia mzee mmoja, musisahau watoto ambao bila sindano watakuwa wagonjwa wetu wa miaka 30.

Ya mwisho ni ya familia. Mzee aliyebadilishiwa mlango akipata homa, musimpe tu vidonge vya malaria na antibiotiki za sokoni. Mumpeleke hospitali, museme mbele ya yote: "Huyu ana mlango mpya wa moyo." Wachukue damu kwanza, halafu dawa. Na kila mzee atembee na karatasi yake: mlango gani, wa mwaka gani, dawa gani. Yaya yangu anaishona ndani ya kitenge. Mumuulize, atawaonyesha.

Nimemaliza. Kama kuko na maswali, niko hapa, na mipira yangu nimekuja nayo. Nyuma ya mkutano, wazee wanaotaka kusikilizwa wabaki. Nitaanza na yule mama niliyemkosea, kama atakubali.



[Kutoka kwa komite: Siku ile wazee 19 walibaki kusikilizwa, na wanne waliandikiwa barua ya kwenda ekografi. Ombi la kwanza na la pili yalikubaliwa kwa mikono. Ombi la penisilini na la mashine ya INR yanangoja jibu la wafadhili. Mama aliyetajwa mwishoni alikubali, na alikuwa wa kwanza.]